Kutoka milia ya leza ukutani hadi tatizo la upimaji: mwongozo kamili wa kusoma majaribio ya kwanta

Watu wengi huingia kwenye fizikia ya kwanta kupitia paka wa Schrödinger, yule wa kufikirika anayesemekana kuwa hai na mfu kwa pamoja, na hutoka na kichwa kizito kuliko walivyoingia. Paka ni mfano wa mwisho, si wa kwanza. Kabla ya kumfikia kuna mambo matatu ambayo mazungumzo ya mtandaoni huyavuruga yakawa kitu kimoja. Mwingiliano wa mawimbi ni jambo unaloweza kuliona ukutani kwako. Dekoherensi, yaani kufifia kwa mwingiliano huo kwa sababu ya mazingira, ni jambo unaloweza kulipigia hesabu. Tatizo la upimaji, yaani kwa nini kipimo hutoa tokeo moja tu, ni swali linalobaki baada ya hayo mawili kueleweka vizuri, na halibaki kwa sababu kuna mtu amekosea hesabu.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Hisabati utakayohitaji ni kanuni ya Pythagoras na kosini ya pembe. Vifaa ni kalamu ya leza nyekundu, unywele, kadi ngumu, selotepu, na vipande vitatu vya polaroidi, ile karatasi angavu iliyobandikwa kwenye vioo vya LCD. Nenda kwa fundi wa simu au kompyuta umwombe kioo cha kalkuleta iliyokufa au kompyuta mpakato iliyopasuka. Kwake ni takataka. Weka vipande viwili kimoja juu ya kingine kisha zungusha kimoja. Vikifanya giza katika pembe fulani, umepata mali.

Hatua ya 1: Ona milia kwa macho yako

Toboa kadi tundu la upana wa kidole kidogo. Nyosha unywele mmoja katikati ya tundu, ubane kwa selotepu juu na chini. Simamisha kadi, iwe imara, na uelekeze leza ipite kwenye unywele kisha ipige ukuta mweupe ulio mita 2 au zaidi. Zima taa. Usiangalie leza moja kwa moja wala usiielekeze kwenye kitu kinachong'aa. Zile za kijani za bei ya chini ziache kabisa, kwani nguvu yake mara nyingi inapita ile iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Ukutani hutaona kivuli cha unywele. Utaona mstari mrefu wa mwanga uliokatwakatwa: mwanga, giza, mwanga, giza. Pima nafasi kati ya giza na giza. Ni bora upime nafasi kumi kwa pamoja ugawanye kwa kumi, ukiruka ile sehemu kubwa ya katikati. Kisha piga hesabu hii: urefu wa wimbi mara umbali hadi ukutani, gawanya kwa nafasi uliyopima. Leza nyekundu nyingi zina nanomita 650. Kwa mita 2 na nafasi ya sentimita 1.6 unapata karibu milimita 0.08, ambao ni unene wa kawaida wa unywele wa binadamu. Umepima unywele kwa rula ya shule.

Thomas Young alifanya jambo hilihili mwaka 1803 jijini London kwa jua badala ya leza. Alipitisha mwale mwembamba kwenye tundu la dirisha, akaupasua kwa kipande cha kadi chenye unene wa karibu sehemu moja ya thelathini ya inchi. Milia ikatokea kwenye kivuli cha kadi. Kisha akaziba mwanga wa upande mmoja tu, na milia yote ikapotea, hata ile iliyokuwa upande ambao hakuuziba. Hapo ndipo pa kutulia. Pale ukutani palipokuwa na giza, kuziba njia moja kumeleta mwanga. Ukipunguza mwanga, mwanga unaongezeka! Mvua ya vipande vidogo isingefanya hivyo kamwe.

Hatua ya 2: Peleka moja moja

Mtu wa kwanza kulipeleka maabara swali "je, chembe za mwanga, yaani fotoni, zikienda moja moja?" alikuwa Geoffrey Ingram Taylor, Cambridge, 1909. Alififisha mwanga mpaka picha moja ikahitaji miezi kadhaa kuiva, na milia ikatokea vilevile. Kwa elektroni, kazi inayopendeza zaidi ni ya Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi, 1989. Elektroni zilipita kwenye kifaa chao kwa uchache kiasi kwamba kwa kawaida hazikuwamo mbili kwa wakati mmoja. Kila moja iliacha nukta moja, mahali pamoja. Nukta za mwanzo zimetapakaa ovyo. Zikiongezeka unaanza kushuku kitu, na baada ya dakika kama ishirini milia imesimama wazi.

Shika mambo mawili ya hapa kwa pamoja bila kuacha moja. Kila elektroni hufika ikiwa nukta moja nzima. Na mgawanyo wa nukta una milia, kwa hiyo milia haitokani na elektroni kugongana na wenzake. Hakuna mwenzake humo ndani. Ukishika la kwanza tu utasema "ni chembe", ukishika la pili tu utasema "ni wimbi", na mabishano hayataisha hadi usiku.

Hatua ya 3: Chora mishale

Huu ndio ufundi wote wa hesabu. Kwa kila njia ambayo chembe ingeweza kupita, chora mshale. Mshale huzunguka kadiri njia inavyokuwa ndefu: mzunguko mmoja kwa kila urefu mmoja wa wimbi. Mwishoni unganisha mishale ncha kwa mkia, pima urefu wa mshale wa jumla, kisha utwae kipeo chake cha pili. Hicho ndicho kinachokupa uwezekano wa nukta kutokea hapo. (Kanuni ya kipeo cha pili ni ya Max Born, 1926. Aliiongeza kwenye tanbihi wakati makala ikiwa tayari kwa mchapaji, na kwa tanbihi hiyo alipata Nobel mwaka 1954.)

Chukua mishale miwili, kila mmoja urefu 1. Ikielekea upande mmoja, jumla ni 2 na kipeo chake ni 4: huo ni mwanga mkali. Ikipingana, jumla ni 0: giza. Ikisimama kwa pembe mraba, Pythagoras anatoa kipeo 2. Sasa linganisha na hesabu ya kawaida, ambapo kila njia ina uwezekano wake na unajumlisha tu: 1 + 1 = 2, kila mahali, bila milia. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni kipande cha ziada chenye thamani ya mara mbili ya kosini ya pembe iliyo kati ya mishale. Kipande hicho cha ziada ndicho mwingiliano. Tutakifuata hadi mwisho wa mwongozo, kwa hiyo kiandike pembeni:

uwezekano = 2 + 2 × kosini ya pembe

Sheria ya lini ujumlishe mishale kabla ya kutwaa kipeo, na lini utwae kipeo kwanza, ni fupi. Kama hakuna chochote popote kilichobaki na alama ya njia iliyopitwa, jumlisha mishale kwanza. Kama ipo alama kamili, twaa kipeo kwanza. Angalia neno "popote". Sheria haisemi "kama kuna mtu aliyetazama".

Hatua ya 4: Weka alama ya njia, kisha uifute

Tafuta kwanza mwelekeo wa polaroidi zako, yaani upande ambao zinaruhusu wimbi la mwanga litikisike. Tazama kupitia kwayo mng'ao wa sakafu au maji kwa mshazari, zungusha hadi mng'ao ufifie kabisa. Hapo polaroidi inapitisha mwanga wa wima. Iwekee alama kwa kalamu. Kisha kata vipande viwili kwa wembe mkali, kimoja cha wima na kingine cha mlalo, uvibandike kwenye kadi ubavu kwa ubavu, ungio lao likae nyuma ya unywele hasa. Mwanga unaopita kushoto kwa unywele sasa unatoka ukiwa wima, wa kulia ukiwa mlalo. Mwanga wa kalamu nyingi za leza tayari una mwelekeo wake, kwa hiyo zungusha kalamu hadi pande zote mbili ziwe na mwanga sawa. Bila kufanya hivyo utaona upande mmoja tu na utadhani jaribio limekataa.

Ile milia safi itapotea, ubaki ukungu wa mwanga.

Sasa chukua kipande cha tatu, ukiweke kati ya unywele na ukuta, kikiwa kimeinama nyuzi 45. Milia inarudi. Kigeuze kiiname nyuzi 45 upande wa pili: milia inarudi tena, lakini pale palipokuwa na mwanga sasa pana giza, na palipokuwa na giza pana mwanga. Rudia mara kadhaa mpaka ujiridhishe kwamba milia hizi mbili zinakamilishana. Ukizijumlisha unapata ule ukungu wa awali. Kumbuka hili, nitalihitaji katika hatua ya mwisho.

Mtu mkali wa fizikia atakuambia kwamba kwa mwanga mwingi kama wa leza, yote haya yanaelezeka kwa mawimbi ya kawaida, na ni kweli: Fresnel na Arago walichapisha mwaka 1819 kwamba mianga miwili yenye mielekeo ya pembe mraba haifanyi milia. Cha kwanta ni kwamba hesabu haibadiliki fotoni zikienda moja moja, na haibadiliki hata alama ikibebwa na kitu kingine kabisa, kwa mfano fotoni nyingine iliyo mbali. Hapo mawimbi ya kawaida hayana la kusema.

Hatua ya 5: Alama ya nusunusu

Hapa ndipo watu wanaporuka, na ndipo dekoherensi inapozaliwa. Alama si lazima iwe kamili. Badala ya wima na mlalo, fanya pembe kati ya polaroidi mbili iwe nyuzi 60. Milia haipotei yote. Inafifia hadi nusu. Ili kuipima, chukua mwanga wa juu kabisa ukitoa wa chini kabisa, gawanya kwa jumla ya hiyo miwili. Huo ndio ukali wa milia, kuanzia 0 hadi 1. Kwa polaroidi zako ukali ni kosini ya pembe iliyo kati yake: nyuzi 0 unatoa 1, nyuzi 60 unatoa 0.5, nyuzi 90 unatoa 0.

Nitaiita namba hiyo mfanano wa alama. Alama mbili zikifanana kabisa, mfanano ni 1, yaani hakuna aliyejua kitu. Zikitofautiana kabisa, mfanano ni 0. Hesabu yetu sasa inakuwa:

uwezekano = 2 + 2 × mfanano × kosini ya pembe

Kipande cha ziada hakifutwi kwa kishindo. Kinapunguzwa kwa kiwango kilekile ambacho njia imejulikana. Greenberger na Yasin mwaka 1988, kisha Englert mwaka 1996, waliweka jambo hili katika sura safi: kipeo cha pili cha ukali wa milia, ukijumlisha na kipeo cha pili cha kiasi ambacho njia inatofautishika, hakizidi 1. Njia ikitofautishika kwa 0.6, milia inaweza kubaki na ukali hadi 0.8. Ni Pythagoras yuleyule wa kidato cha pili. Wale wanaosema "ukijua njia, kwanta inakufa" wanaeleza ncha moja tu ya rula.

Hatua ya 6: Acha mazingira yaweke alama

Badala ya polaroidi, fikiria hewa. Molekuli kubwa inapita kwenye mianya miwili, na njiani inagongwa na molekuli ya hewa. Ile iliyogonga inaondoka kwa mwelekeo tofauti kidogo kutegemea iligonga wapi. Tuseme alama yake ni hafifu sana, mfanano 0.99. Mgongano mmoja hauharibu chochote. Lakini mifanano huzidishana. Baada ya migongano 100 umebaki na 0.37. Baada ya 1000 umebaki na 0.00004. Hakuna kifaa kitakachoona milia yenye ukali huo.

Hiyo ndiyo dekoherensi. Heinz-Dieter Zeh wa Ujerumani alionyesha njia mwaka 1970, Wojciech Zurek akaikuza katika makala zake za 1981 na 1982, na kiini chake ni kuzidisha namba zilizo chini kidogo ya 1, mara nyingi mno, haraka mno. Zurek alitoa mfano wa kitu cha gramu 1 katika joto la kawaida, kikiwa katika hali mseto, yaani mishale ya mahali pawili kwa pamoja, palipoachana sentimita 1. Hata kama kitu hicho kingehitaji sekunde 10¹⁷, takriban umri wa ulimwengu, kupoteza nishati yake, hali yake mseto ingefifia ndani ya sekunde 10⁻²³. Ndiyo maana meza yako haikuonyeshi milia.

Maabara ya Vienna imelifanya jambo hili lionekane. Mwaka 1999 kundi la Anton Zeilinger na Markus Arndt lilipata milia kwa C60, molekuli ya atomu 60 za kaboni iliyofungwa kama mpira. Baadaye waliingiza gesi kidogo kidogo ndani ya ombwe, na ukali wa milia ukashuka kadiri shinikizo lilivyopanda, kama kuzidishana kunavyotaka. Jaribio la 2004 linanivutia zaidi. Walipasha molekuli za C70 kwa leza kabla hazijaingia kwenye kifaa. Molekuli yenye moto hutoa fotoni zake yenyewe, na fotoni hizo hubeba habari ya mahali zilipotoka. Kadiri molekuli zilivyopashwa ndivyo milia ilivyofifia, mpaka ikaisha. Hakuna aliyezikusanya fotoni hizo wala kuzisoma. Zilikwenda kupotelea kwenye kuta za chombo, na hilo lilitosha. Anayekuambia kwamba ni fahamu ya binadamu inayovunja milia, mpeleke kwa jaribio hili.

Kuna swali la kuuliza kabla ya kulaumu kila mgongano: je, kilichogonga kingeweza kutofautisha njia? Fotoni yenye urefu wa wimbi mkubwa kuliko umbali kati ya njia mbili haioni tofauti, na mfanano wake unabaki karibu na 1. Ndiyo sababu ukubwa wa kitu peke yake hauamui jambo. Mwaka 2019 Vienna walipata milia kwa molekuli zenye uzito wa zaidi ya mara 25,000 ya atomu ya haidrojeni, nyingine zikiwa na atomu karibu 2000. Jijini Paris, mwaka 1996, kundi la Serge Haroche lilifuatilia dekoherensi ikitokea hatua kwa hatua ndani ya kisanduku cha vioo kilichonasa fotoni chache, na likaona kwamba kadiri sehemu mbili za hali mseto zilivyoachana, ndivyo ilivyofifia upesi.

Tahadhari kwa mwenye kifaa: milia ikipotea, usikimbilie kusema dekoherensi. Inawezekana meza inatikisika. Inawezekana leza inatoa urefu wa mawimbi mchanganyiko. Katika hali hizo milia ipo kila mara, ila inahama, na wastani wake ni ukungu. Hakuna alama iliyotoroka. Erwin Hahn alionyesha mwaka 1950, kwa viini vya atomu ndani ya usumaku, kwamba upotevu wa namna hii unaweza kurudishwa kwa pigo moja la wimbi la redio: mishale iliyotawanyika inageuzwa ikarudi mstarini yenyewe. Alama zilizokwisha kusambaa kwenye hewa na kuta huwezi kuzigeuza hivyo.

Hatua ya 7: Tafuta swali linalobaki

Sasa tumefika kwa paka, na tuna vifaa. Baada ya dekoherensi, hesabu inakupa orodha: nukta itatokea hapa kwa uwezekano huu, pale kwa uwezekano ule, na kipande cha ziada ni sifuri kwa vitendo vyote. Dekoherensi imefanya na jambo jingine: imechagua orodha iwe ya nini. Hewa na mwanga hugonga vitu kutegemea mahali vilipo, kwa hiyo alama zinazosambaa ni alama za mahali, na hali zinazodumu ni zile zenye mahali dhahiri. Ndiyo maana tunaona sindano ya mita ikiwa hapa au pale. Hiyo si kazi ndogo.

Lakini orodha si tokeo. Inashawishi sana kuisoma orodha hiyo kama sarafu iliyokwisha kuanguka ikafunikwa kwa kiganja: tokeo lipo, ila hatujaliona. Hesabu haikuruhusu. Ukichukua chembe pamoja na mazingira yake yote, mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza jinsi mishale inavyobadilika kadiri muda unavyopita, unasema jumla ya mishale bado ipo nzima, haijapungua hata unyuzi; imesambaa tu mahali usipoweza kuikusanya. Jaribio lako la polaroidi ni ushahidi. Milia ilipopotea, ungeweza kusema kwamba kila fotoni ilikuwa "kwa kweli" imepita upande mmoja. Kipande cha nyuzi 45 kikairudisha. Sarafu iliyofunikwa haina uwezo huo. Mfaransa Bernard d'Espagnat alisisitiza kwa miaka mingi kwamba mchanganyiko wa kutojua na mchanganyiko unaotokana na kuacha kuhesabu mazingira ni vitu viwili, hata kama namba zao zinafanana ukiangalia chembe peke yake.

Njia nzuri ya kushika tatizo ni kuandika kauli tatu, kama alivyofanya mwanafalsafa Tim Maudlin mwaka 1995. Moja: wimbi, yaani ile mishale yote kwa pamoja, linaeleza kila kitu kuhusu chembe. Mbili: wimbi daima hufuata mlinganyo wa Schrödinger. Tatu: kila kipimo kina tokeo moja. Zote tatu haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Ukiwa na wimbi lenye njia mbili na mlinganyo unaojumlisha bila kuchagua, utaishia na paka wa njia mbili. Kila tafsiri ya kwanta unayosikia inajieleza yenyewe ukiuliza: hii inakataa kauli ipi, na inalipa nini?

Wanaokataa ya kwanza ni wafuasi wa Louis de Broglie (1927) na David Bohm (1952). Kwao chembe ina mahali pake wakati wote, na wimbi huiongoza. Paka ni mmoja. Gharama yake ni kwamba chembe moja huguswa papo hapo na mambo yaliyo mbali nayo. Usiwacheke upesi, maana John Bell alithibitisha mwaka 1964 kwamba yeyote anayetaka matokeo dhahiri na mipangilio huru ya vipimo hana budi kulipa kitu cha namna hiyo, na majaribio yaliyompa haki Bell ndiyo yaliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger Nobel ya 2022.

Wanaokataa ya pili hubadilisha mlinganyo wenyewe. Ghirardi, Rimini na Weber walipendekeza mwaka 1986 kwamba kila chembe hujikusanya mahali pamoja yenyewe, kwa bahati nasibu, mara moja hivi katika sekunde 10¹⁶, yaani miaka milioni mia tatu. Kwa elektroni moja hutaona kitu. Kwa kitu chenye chembe 10²⁰, inatokea mara elfu kumi kila sekunde, na chembe moja ikijikusanya inavuta zote. Kundi hili ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, si kwa sababu nadhani liko sahihi, bali kwa sababu linaweza kuuawa na maabara. Mwaka 2020 kifaa kilicho chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, kilitafuta mionzi hafifu iliyotabiriwa na toleo jepesi la wazo la jirani, lile la Diósi na Penrose linalohusisha nguvu ya uvutano (graviti). Mionzi haikuonekana, na toleo hilo likaanguka.

Anayekataa ya tatu ni Hugh Everett, kwa tasnifu yake ya Princeton ya 1957. Matokeo yote yanatokea, kila moja kwenye tawi lake, na dekoherensi ndiyo inayozuia matawi yasikutane. Hesabu yake ni safi kuliko zote. Haiongezi wala haipunguzi kitu. Shida yangu nayo ni kipeo cha pili cha Born. Kama kila tokeo linatokea, "uwezekano wa asilimia 70" ni uwezekano wa nini? Majibu yapo, mengine ya werevu mkubwa, na hakuna hata moja lililowaridhisha wapinzani.

Wengine hukataa namna swali lilivyowekwa. Niels Bohr, mmoja wa waasisi wa kwanta, alisema lugha ya matokeo ni ya vifaa vikubwa, basi. Carlo Rovelli, 1996, husema tokeo ni tokeo kwa kitu fulani, si kwa ulimwengu mzima. Nina uvumilivu mdogo kwa toleo la darasani linalosema "wimbi huporomoka linapopimwa" kisha likanyamaza, kwa sababu halisemi kipimo ni nini. Ukilibana, litakuambia kipimo ni pale wimbi linapoporomoka.

Hatua ya 8: Jaribu zana zako kwenye dai kubwa

Dai linalozunguka sana ni hili: jaribio la kufuta kwa kuchelewa, ambamo alama ya njia hufutwa baada ya nukta kutokea, limeonyesha kwamba uamuzi wa sasa hubadilisha yaliyopita. Jaribio lenyewe ni la Yoon-Ho Kim na wenzake, lililochapishwa mwaka 2000. Fotoni zilizaliwa pacha kutoka sehemu mbili za fuwele, na sehemu hizo ndizo njia mbili. Pacha mmoja alikwenda kwenye kipokezi D0. Wa pili alikwenda njia ndefu zaidi, akafika karibu nanosekunde 8 baadaye, ama kwenye kipokezi kinachofichua njia, ama kwenye D1 au D2 ambako alama hufutwa. Nukta za D0 ambazo pacha wake alifutwa zina milia. Zile ambazo pacha wake alifichua njia hazina. Na pacha alifika baadaye!

Pitia hatua. Alama iko wapi? Kwa pacha. Mfanano wake ni upi? Sifuri. Basi D0 peke yake lazima ionyeshe ukungu, na ndivyo ilivyo: ukitazama nukta zote za D0 bila kuchambua, hakuna milia, iwe pacha alifutwa au hakufutwa. Milia inaonekana tu baada ya kuleta kumbukumbu za vipokezi vingine na kupanga nukta kwa makundi. Na milia ya kundi la D1 ni kinyume cha milia ya kundi la D2, mwanga wa moja ukikaa kwenye giza la nyingine, sawa na polaroidi yako ya nyuzi 45 ilipogeuzwa upande wa pili. Zijumlishe, umerudi kwenye ukungu.

Kwa hiyo aliyekaa D0 hapokei ujumbe wowote kutoka nanosekunde 8 zijazo. Ukikutana na dai jingine la aina hii, kwanza omba kuona picha nzima kabla nukta hazijachambuliwa kwa makundi.